Fundi wa Vioo Aliyelaza Maji

Nyote mliofika kumsindikiza, asanteni. Mpendwa wetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa tatu kati ya watano wa baba aliyekata vioo na mama aliyeshona nguo. Hakuzaliwa hospitalini wala nyumbani. Mama alikuwa amempelekea baba chakula cha mchana karakanani, uchungu ukamshika palepale, na jirani muuza rangi ndiye aliyempokea mtoto katikati ya vioo vilivyoegemezwa ukutani. Baba alipenda kusimulia kwamba siku ile watu walikimbia huku na huko na masufuria ya maji moto, wakagongana mlangoni, na hakuna hata kioo kimoja kilichopata ufa. Akasema mtoto huyu na kioo wamepatana.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya ghala la mbao kuanzia 1968, kisha sekondari ya wasichana hadi kidato cha nne mwaka 1978. Alikuwa na akili ya kawaida na mdomo usio wa kawaida, kwa hiyo walimu walimkalisha peke yake karibu na dirisha. Huko ndiko alikogundua kwamba kioo cha zamani kina mawimbi, na kwamba ukiinamisha kichwa kushoto, mwalimu mkuu anayepita uwanjani anakuwa mnene, na ukiinamisha kulia anakuwa mwembamba. Mwalimu wa darasa aliona mtoto anayetikisa kichwa mchana kutwa, akadhani ana ugonjwa wa shingo, akamwita baba. Baba alifika, akaomba kukaa kwenye dawati la binti yake, akainama kushoto, akainama kulia.

"Ni kweli," alisema, "anapungua."

Mwalimu mkuu alikuwa amesimama palepale uwanjani, na kwa kadiri tunavyojua hakuna aliyewahi kumweleza kwa nini darasa zima lilicheka. Wiki iliyofuata baba alipewa kazi ya kubadilisha vioo vyote vya shule.

Alianza kazi karakanani Januari 1979. Macho ya baba yalipoanza kufifia, mwaka 1988, alimkabidhi funguo na kisu cha kukatia, akabaki kukaa mlangoni na kusalimia watu. Wateja wapya walikuwa wakiingia, wanamkuta mwanamke amevaa glavu mbele ya meza, na wanauliza fundi yuko wapi. Marehemu hakuwahi kukasirika. Aliwajibu kwamba fundi ametoka kidogo, waseme tu shida yao atamfikishia. Wakisema, alichukua kipimo, akachora mstari, akakata, akawafungia kioo kwenye magazeti na kuwaambia, "Fundi amesema chukua." Baadhi yao walikuja miaka mingi wakimtafuta fundi huyo. Sisi ndugu zake tuliliokota jina hilo kwa utani, na mwisho mtaa mzima ukamwita Fundi, hata mama aliyemzaa.

Kazini alikuwa na kanuni moja: kioo hakilazimishwi. Unachora mstari mmoja, hurudii, halafu unakigonga kidogo na kukisubiri kikubali. Kanuni hiyo aliivunja mara moja tu, na hapo ndipo habari ya samaki ilipoanzia.

Mwaka 1993 daktari wa meno aliyekuwa na chumba chake ghorofa ya kwanza, juu ya duka la viatu, alimwagiza tangi la samaki la kuwekwa pale wagonjwa wanapongojea, ili wapate cha kutazama zaidi ya mlango wa daktari. Marehemu hakuwahi kutengeneza tangi. Alikata vioo vizuri, akaviunganisha kwa gundi ya silikoni, na kwa kuwa daktari alikuwa na haraka, naye akawa na haraka. Gundi haikukauka. Maji yalishuka yote mpaka kwenye duka la viatu, na jozi nyingi za ngozi zikayanywa. Alitengeneza tangi la pili bila malipo, akamkaushia muuza viatu viatu vyake kimoja kimoja juani, na akaapa hatafanya tena kitu chochote kabla ya wakati wake.

Daktari alipohamia mji mwingine mwaka 1995, alimwachia tangi na wenyeji wake, kwa kuwa samaki wale hawakuwa wa kusafirishwa hovyo. Walikuwa diskasi. Kwa ambao hamkuwahi kufika sebuleni kwake: diskasi ni samaki wa maji baridi yasiyo na chumvi, ingawa yeye mwenyewe hapendi kabisa baridi. Ni bapa, wa mviringo, ukimtazama kwa ubavu unaona sahani yenye macho. Wengine walikuwa rangi ya kutu, wengine buluu yenye michirizi. Ni samaki waoga na wenye kudeka. Mlango ukigongwa kwa nguvu wanajificha kona, wakichukia wanageuka weusi, na maji yakipoa kidogo tu wanasusa chakula. Mdogo wake, ambaye ndiye anayesoma maneno haya, aliwahi kumwambia kwamba amepata wakwe kabla ya mume.

Kwa ajili yao alijifunza kulaza maji. Maji ya bomba yana dawa, na dawa inayotulinda sisi inaunguza matamvua ya samaki. Kwa hiyo kila jioni alijaza pipa la buluu lililokuwa karibu na mlango wa jikoni, akatumbukiza hita na bomba la hewa, akayaacha mpaka kesho yake dawa iishe na joto likae sawa. Ndipo alipotoa sehemu ya maji ya tangini na kuweka yale yaliyolala. Alifanya hivyo kila siku, awe na mafua au na wageni. Taratibu maneno hayo yakatoka kwenye pipa yakaingia kwenye mazungumzo. Wengine wangesema haraka haraka haina baraka, yeye alisema, "Hilo halijalala." Ukimletea hasira yako, alikuambia uilaze kwanza. Wapo hapa leo watu wawili waliotaka kuachana, na wanajijua, ambao aliwaambia waende nyumbani neno lao likalale. Limelala mpaka leo.

Mume wake alimpata karakanani, au tuseme mume ndiye aliyepatikana. Mwaka 1998 aliingia mpiga chapa mmoja, mjane, mtu mpole mwenye wino kwenye kucha, pamoja na binti yake wa miaka tisa. Mtoto alikuwa amebeba picha ya mama yake aliyefariki na hakutaka kumpa mtu. Walihitaji kioo cha fremu. Marehemu hakumwomba ile picha. Alimpa mtoto kipimo, akamwonyesha namna ya kukishika, na mtoto akaipima picha ya mama yake mwenyewe. Mpiga chapa alirudi na fremu nyingine mwezi uliofuata, na nyingine tena, mpaka baba yetu pale mlangoni akamuuliza kama nyumba yake ina kuta ngapi. Walifunga ndoa kwa msajili Jumamosi tarehe 17 Aprili 1999.

Siku alipohamia, kitu cha kwanza alichotundika ukutani sebuleni ni picha ile ya mama wa mtoto, mahali inapopata mwanga. Tangi aliliweka ukuta wa pili. Kisha akamwambia mtoto maneno ambayo mumewe aliyakumbuka vizuri: "Nyumba hii ina mama, yule pale. Jina lake silitaki. Wewe niite Fundi kama wengine."

Aliyasema kwa moyo mweupe, lakini hayakumpunguzia mtoto kitu. Kwa muda mrefu binti yule alichukua sahani yake akaenda kula chumbani. Akiulizwa, alijibu; asipoulizwa, alinyamaza. Waswahili wanasema kuzaa si kazi, kazi kulea, na marehemu, ambaye hakujaliwa kuzaa, aliikuta kazi yenyewe mlangoni ikiwa imekunja uso. Alikuwa na ombi moja tu kwa Mungu miaka ile, na alituambia wazi: mtoto yule asiendelee kuishi kama mgeni katika nyumba ya baba yake. Hakumbembeleza wala hakumsukuma. Alikuwa akimtilia chakula chake, akamwachia, akarudi kwenye ndoo zake.

Hapo katikati ndipo shemeji yake, mdogo wa mpiga chapa, alipokuja kukaa nao kidogo. Diskasi hula vizuri kuliko watu wengi: marehemu aliwasagia moyo wa ng'ombe pamoja na samaki wadogo, mchicha na kitunguu saumu, akaugandisha kwenye friza katika vipande bapa. Shemeji alibaki nyumbani peke yake, akaona vipande, akavikaanga, akala na mkate. Jioni alimsifu mke wa kaka yake kwamba wengine wana mkono wa chumvi, yeye ana mkono wa kila kitu. Marehemu alimshukuru kwa heshima zote na kuwaomba radhi samaki wake. Mtoto alisikia kutoka chumbani, na kwa mara ya kwanza katika nyumba ile alicheka mpaka akatoka nje ya mlango. Shemeji yupo hapa leo, amevaa suti ya kijivu. Tunamshukuru, kwa kuwa alianzisha kitu ambacho sisi wengine tulishindwa.

Lakini kilichowafunga wawili wale hakikuwa kicheko. Likizo ya Agosti mwaka 2000, marehemu alishinda nje akifunga vioo vya duka jipya. Maji ya diskasi huwa na rangi kama ya chai nyepesi, kwa sababu ya magogo na majani makavu yanayowekwa humo, nao huyapenda hivyo. Siku iliyotangulia mgeni mmoja alikuwa amesema kwa sauti kwamba mwenye tangi lile ni mvivu, maji machafu namna ile. Mtoto alilisikia neno hilo likamkaa. Kwa hiyo, alipobaki peke yake, aliyanyonya maji yote kwa mpira, akawaacha samaki kwenye tope la chini, akajaza tangi upya moja kwa moja kutoka bombani, maji meupe, ya baridi. Lile pipa la buluu hakuligusa. Aliona ni maji ya jana.

Marehemu aliporudi, tangi lilikuwa linang'aa kama kioo cha dirishani, na samaki wake walikuwa weusi tii, wamelala ubavu, wanahema. Mtoto alikuwa amesimama nyuma ya pazia, nguo imeloa mpaka kiunoni. Alitoka akauliza swali alilokuwa nalo tangu siku ya harusi, kwa maana kabla ya hapo alikuwa akikaa kwa bibi yake.

"Sasa utanirudisha kwa bibi?"

Marehemu alikuwa tayari amevua viatu. "Na ndoo atashika nani?" alisema.

Wakashika ndoo wote wawili. Walitoa maji mabichi, wakaingiza yale ya kwenye pipa yaliyokuwa yamelala na kupata joto, na katikati ya kazi hiyo marehemu akamwekea mtoto samaki mmoja mkononi, ndani ya maji, amshike wima mbele ya mkondo wa pampu ili matamvua yapate hewa. Mtoto alimshika hivyo mpaka vidole vikakunjamana. Walikufa wengi siku ile, na wale wazee waliotoka kwa daktari karibu wote. Marehemu alilia, hakujificha. Ila hakumlaumu mtoto kwa neno lolote, si siku ile wala baadaye, na mgeni yule alipopita tena alimjibu mwenyewe kwamba maji ya nyumba hii yana rangi yake na asiyeyapenda anywe ya kwao. Jioni iliyofuata siku ile, alipokwenda kujaza pipa, alikuta limeshajazwa, na hita iko ndani.

Waliopona walizaliana, na hapo mtoto akaona jambo ambalo sisi hatukuwahi kulisikia. Vifaranga vya diskasi hula kwenye ngozi ya wazazi wao. Baba na mama hutoa ute ubavuni, na watoto huwazunguka wakidonoa. Mama akichoka anajitikisa, watoto wote wanahamia kwa baba. Mwaka 2001 jike mmoja aliugua akafa akiwa na watoto wachanga, na dume akachanganyikiwa akaanza kuwakimbiza. Marehemu aliwachota wale yatima kwa bakuli, akawahamishia kwenye tangi la jozi nyingine iliyokuwa na watoto wa rika lao. Kisha yeye na binti wakakaa sakafuni, pua kwenye kioo, kungoja kama watapokelewa au wataliwa. Wale wageni walielea pembeni kwanza. Mmoja akasogea, akadonoa ubavu wa jike. Jike akatulia. Wengine wakafuata.

Mtoto aliuliza kama yule mama anajua kwamba hawa si wake.

"Samaki hajui kuhesabu," marehemu alimjibu. "Anajua wana njaa."

Wakati wa chakula mtoto alikuja na sahani yake, akakaa mezani kati ya baba yake na Fundi, akaomba chumvi. Mume alitaka kusema neno, marehemu akamkanyaga mguu chini ya meza. Hakuna siku nyingine aliyotusimulia mara nyingi kama hiyo.

Binti alisoma, akakua, na leo anapima maji katika maabara ya idara ya maji, kazi ambayo marehemu alijigamba nayo kwa kila mteja aliyekuja kuchukua kioo. Aliolewa mwaka 2015 akapata mtoto wa kike, ambaye marehemu alimbeba mgongoni huku akisugua tangi. Muda wote huo aliendelea kumwita Fundi, na marehemu hakudai zaidi.

Mwaka 2021 madaktari waligundua kwamba moyo wake umepanuka. Walimkataza kubeba ndoo. Alikubali, kisha akaanza kubeba nusu ndoo, akisema daktari hakutaja nusu. Nguvu zilipopungua zaidi, mtaa ulimlipa wema wake. Muuza viatu, yuleyule, alikuja kumjazia pipa. Umeme ulipokatika kwa muda mrefu mwezi wa Juni mwaka huu, na hita zikazima, majirani walileta chupa zao za chai zikiwa na maji moto, mmoja baada ya mwingine, wakazipanga sebuleni mbele ya tangi. Hakuna samaki aliyekufa. Marehemu alikaa kwenye kiti akimshukuru kila mmoja kwa jina la kazi yake, na alituambia kwamba mtu aliyeletewa chupa zote zile hana haki ya kulalamikia moyo.

Alilazwa tarehe 29 Septemba. Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa upole mpaka mwisho. Jioni ya tarehe 7 Oktoba muuguzi wa zamu alimkuta binti kando ya kitanda, na kwa kuwa muda wa kuwaona wagonjwa ulikuwa umekwisha, alimuuliza mgonjwa ni nani yake.

"Mama yangu," binti alisema.

Muuguzi akamruhusu kubaki. Marehemu alikuwa amefumba macho, wakadhani amesinzia. Kumbe alikuwa anasikia. Alinyoosha mkono akaushika wa binti, akatulia hivyo, kisha akauliza kwa sauti ndogo kama maji yamelazwa. Binti akamwambia yamelala, Fundi. Alifariki asubuhi iliyofuata, Jumanne tarehe 8 Oktoba 2024, akiwa na umri wa miaka sitini na mitatu, mkono ukiwa palepale.

Limebaki jambo moja. Juzi familia ilipokaa kuandika orodha ya aliowaacha, kaka yetu mkubwa, ambaye hupenda kila kitu kiandikwe kilivyo, alisema iandikwe binti wa kambo, kwa kuwa damu ni nzito kuliko maji. Shemeji wa suti ya kijivu akanong'ona kwamba aliyesema hivyo hajawahi kubeba ndoo za nyumba ile. Sauti zikaanza kupanda. Binti mwenyewe hakubishana. Alisema tu, "Mjomba, tuliache neno hilo lilale," akainuka kwenda kujaza pipa. Asubuhi yake, kabla mpiga chapa hajafungua duka kuchapa karatasi hizi mlizoshika, alimkuta kaka yetu amemtangulia mlangoni, kofia mkononi. Alisema amekuja kuliondoa lile neno, lisichapwe.

Ameacha mume, ndugu wanne, shemeji, mjukuu mmoja, diskasi kumi na mmoja, na binti mmoja.

Baada ya mazishi msimtafute binti. Atakuwa amewahi nyumbani, ni saa ya kubadilisha maji.

Tunamshukuru Mungu kwa kutuazima Fundi. Amlaze pema, kwa utulivu uleule aliolazia yeye maji kila jioni.